Aliye Ndani ya Bwana Salfa

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa la kijinga ukilitamka mbele ya watu: je, mtu anaweza kumwambia mjomba wake kwamba yeye si shujaa tena?

Wenzangu niliomaliza nao chuo walikuwa wanakosa usingizi kwa mambo ya maana, kama usaili na uchumba. Mimi nilikuwa najigeuza kitandani kwa ajili ya mtu wa njano anayeruka kutoka juu ya mkorosho. Lakini mtu huyo wa njano alikuwa mjomba wangu, mdogo wa mwisho wa mama yangu, na kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kutumiwa ujumbe wa simu kwamba nafasi yake imechukuliwa. Mjomba ndiye anayeitwa kwanza msichana akiposwa. Mjomba akikohoa mlangoni, unakaa vizuri.

Nilirudi Newala na shahada ya mawasiliano ya umma na simu yenye kamera nzuri, na kati ya vitu hivyo viwili simu ndiyo iliyopata kazi. Nilikuwa nimechoka kuulizwa na majirani nangoja nini. Nikaandika hadithi. Mtu anapulizia salfa kwenye mikorosho, mashine ya mgongoni inalipuka, salfa inamwingia kwenye damu badala ya kumuua. Tangu siku hiyo akipumua kwa nguvu anatoa moshi wa njano, na akiruka anafika kwenye matawi ya juu kabisa. Nikamwita Bwana Salfa. Adui yake nilimwita Ubwiri, kwa sababu kila mkulima wa huku anaujua ubwiri unga, ule ugonjwa unaopaka maua ya mkorosho weupe na kuyakausha. Jirani yetu mmoja alikubali kupakwa unga wa muhogo mwili mzima. Moshi wa njano tuliutengeneza kwa unga huohuo na bizari, maana salfa yenyewe inawasha macho, nami nilishajiona nimesimama mbele ya mke wa mtu nikieleza jinsi nilivyompofua mume wake kwa ajili ya filamu.

Nilimwomba Mjomba awe steringi, yaani shujaa wa filamu, kwa sababu yeye peke yake, kati ya watu wazima wote niliowaeleza, hakucheka. Alikuwa fundi baiskeli na pikipiki karibu na soko. Alikuwa ameishi Dar miaka mingi akarudi hana mke wala mzigo, na watu wa mtaani walimpa jina la Mgeni. "Mgeni, karibu!" walimwambia kila asubuhi, mtu aliyezaliwa pale pale. Naye aliitikia, "Asante, nimeshakaribia," akaendelea kuziba pancha.

Kabla ya kwenda Dar, Mjomba alikuwa anacheza mapiko. Jambo hilo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Lipiko, kwa asiyemjua, ni mcheza ngoma aliyevaa kinyago kinachofunika kichwa kizima, na nguo mwili mzima, asionekane hata kidole. Aliye ndani hatajwi. Nilipomweleza Mjomba kwamba Bwana Salfa atavaa kitu usoni, alisema kinyago cha ngoma si cha kuchezea filamu. Akachonga kingine kutoka kwenye mti mwepesi, akakipaka rangi ya njano, akashona kitambaa shingoni.

"Hiki hakina mwenyewe," aliniambia. "Hiki ni cha hadithi yako."

Alipokivaa akatembea hatua chache uani, nilishusha simu nikasahau kurekodi. Kichwa kiligeuka kwanza, peke yake, polepole, kama kimesikia kitu ambacho mwili bado haujaambiwa. Halafu mabega. Halafu miguu ikapiga ardhi, midogomidogo, na mtu niliyemjua tangu utoto akawa hayupo.

Filamu ya kwanza tuliionyesha kwenye kibanda umiza cha pale Newala, chumba cha mabati chenye mabenchi, ambamo kawaida vijana hubanana kutazama mpira. Siku ile walikuja akina mama na kanga zao na watoto migongoni. Bwana Salfa alipogeuza kichwa, mabenchi yalinyamaza. Alipopumua na Ubwiri akaanguka kwenye majani makavu, mwanamke mmoja alisimama akapiga kigelegele kama yuko kwenye harusi. Tukaenda nayo Kitangari, tukaenda nayo Mkunya. Mwenye kibanda umiza kimoja cha Masasi akaiomba, akaiweka pia kwenye mtandao ambako huweka filamu za watu wa huku.

Watoto walimjua Bwana Salfa kwa namna watoto wanavyojua mambo, bila kuambiwa. Mjomba akipita wanapiga kelele: "Bwana Salfa! Pumua!"

"Nani? Mimi fundi baiskeli," anajibu. Halafu anajaza mashavu upepo, anapuliza, wao wanatawanyika wakicheka. Jina la Mgeni lilikufa bila mtu kulizika.

Filamu ya pili ilienda vizuri kiasi. Ya tatu ndiyo iliyotuharibia. Kwanza Mjomba alianguka vibaya aliporuka kutoka kwenye mkorosho, goti likageuka, tukampeleka hospitali ya Ndanda. Walimhudumia vizuri, akarudi na magongo, akayaacha mapema kuliko alivyoambiwa, akamalizia filamu akiburuta mguu. Pili, mwenye kibanda wa Masasi alishauri kwamba mwishoni Bwana Salfa avue kinyago. Alisema filamu zote za mashujaa wa ng'ambo zina mahali hapo: shujaa anajifunua mbele ya mchumba wake, muziki unapanda, watu wanalia. Sote tuliona ni wazo zuri. Mjomba hakusema ndiyo wala hapana. Alivua.

Nilikuwepo Kitangari ilipoonyeshwa. Kinyago kilipotoka na sura ya Mjomba ikajaa ukutani, kukawa kimya, nikadhani ndiyo machozi yanakuja. Mtu mmoja mbele akasema, "Kumbe ni yule fundi!"

Wakaangua kicheko. Si kicheko kibaya, watu wa Kitangari si wabaya, lakini kilikuwa kirefu. Mwingine akadakia, "Bwana Salfa, tairi langu umemaliza?" Na mwingine, "Mwache, naye ana pancha ya goti!"

Mjomba alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Alicheka nao kidogo. Nilipogeuka tena hakuwepo.

Tangu siku hiyo watoto hawakusema tena "Pumua." Walisema "Bwana Pancha." Naye hakujaza tena mashavu.

Mwenye kibanda aliniita Masasi. Ni Myao, mtu mwenye tumbo na maneno mengi, na hajawahi kuniona bila kunichokoza kwa sababu ya kwetu kule juu kwenye shida ya maji.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mmakonde. Kaa. Hicho ni kiti tu, si mtego. Maji haya hapa, kunywa. Kunywa na ya kesho."

"Nyie wa bondeni maji mnayo, ila akili zimelowa."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka. "Sikiliza, binti. Filamu ya tatu watu hawaitazami. Wanaifungua, wanaona mguu unaburuzwa, wanafunga. Mimi nasema tuanze moja. Mashine ilipuke upya, Bwana Salfa mpya. Kijana. Mwenye magoti."

"Na Mjomba?"

"Mjomba wako mtu mwema. Lakini wenzetu huko ng'ambo wanafanyaje mfululizo ukichoka? Wanamwondoa steringi kimyakimya, wanaleta mwingine, wanasema hadithi ndiyo kwanza inaanza."

"Na watu wananuna."

"Wananuna huku wameshapanga foleni." Akageuza simu yake anionyeshe kijana mmoja wa Masasi akipiga sarakasi juu ya majabali nyuma ya mji. "Huyu ana wafuasi wengi kuliko wakazi wa kata yenu. Uso wake tu tukiuweka kwenye tangazo, mabenchi hayatoshi. Nijibu mapema. Nikiona unachelewa, nitamtafutia hadithi nyingine."

Hapo ndipo usingizi ulipokatika. Nitaeleza jinsi ninavyofikiri ili nieleweke: mimi nikitaka kumtumia mtu ujumbe wa sauti, naurekodi, nausikiliza, naufuta, naurekodi tena, mwishowe namwandikia "Habari." Sasa mtu kama mimi ndiye alipewa swali hili.

Nilitazama tena filamu za mashujaa wa ng'ambo nilizozipenda nikiwa shuleni, zile zilizobadilisha steringi mara kwa mara. Nilitaka zinipe jibu. Zilinipa majibu mawili yanayogombana. Kuna mfululizo ambao ulikuwa unakufa, wakaleta mtu mpya, ukapata pumzi, na mimi mwenyewe niliyenuna nikamsahau yule wa zamani. Na kuna mwingine ambao kila wakiuanza upya inabidi umwone tena mtoto yuleyule akifiwa na wazazi walewale, mpaka huzuni yenyewe inakuwa kama tangazo la sabuni. Mashine ya salfa italipuka mara ngapi kabla watu hawajapiga mwayo?

Kisha nikamfikiria Mjomba. Kama tungeendelea naye, angeruka tena na goti lile. Angekubali, najua, kwa sababu niliomba mimi. Kumwacha aanguke tena ili nisione aibu ya kumwambia, hiyo ingekuwa heshima gani? Lakini kumwondoa ilikuwa kumrudisha kwenye jina la Mgeni, au pabaya zaidi, kumwacha na Bwana Pancha hadi uzeeni. Vijana wa ng'ambo wakiondolewa kwenye filamu moja wanapata nyingine. Mjomba wangu alikuwa na moja tu, na hiyo ilimfanya apite sokoni ameinua kichwa.

Nikafanya kile wanachofanya watu wasioweza kuamua. Nikafanya majaribio bila kumwambia. Nilikutana na yule kijana kwenye majabali ya Masasi. Kinyago kilikuwa kwa Mjomba, kwa hiyo tulikata ndoo ya plastiki ya njano tukatoboa macho. Kijana alikuwa na adabu, aliniita dada ingawa nadhani tunalingana. Akaruka kutoka jabali moja hadi jingine, akapinduka hewani, akatua wima. Nilirekodi hadi mwisho bila kukata, maana ilikuwa nzuri. Kila kitu ambacho goti la Mjomba halikuweza tena, kilikuwa pale.

Video ile niliibeba hadi Mkunya kwa Mama Mkubwa, dada yao wa kwanza, anayemzidi Mjomba umri wa kutosha kuwa mama yake. Nilimkuta uani anamenya muhogo. Nikamwonyesha. Alifuta mikono kwenye kanga, akaisogeza simu mbali na macho.

"Huyu nani?"

"Bwana Salfa."

"Huyu ni kijana amevaa ndoo."

"Mama Mkubwa, tazama anavyoruka."

"Nimeona. Anaruka vizuri, Mungu amlinde. Lakini akitua anatembea kama anakwenda dukani." Akanirudishia simu. "Yule wetu alikuwa ananitisha."

"Lakini ulijua ni nani."

"Ee, sasa?"

Akachukua muhogo mwingine. Niliona anapima kama aniambie au anyamaze.

"Sisi tulipokuwa wasichana," alisema, "lipiko likitoka tunakimbia. Tuliambiwa yule si mtu. Unafikiri nilikuwa siijui miguu ya baba yangu? Kidole kile kilichokatwa na jembe kilikuwa kinachungulia kwenye kitambaa, nakiona hivi! Nilijua ni baba. Nikakimbia. Mama yako alijua, akakimbia. Bibi yako aliyelala naye kitanda kimoja, alikimbia kuliko wote."

"Kwa nini sasa?"

"Tungesimama, tungetazama nini? Baba amevaa matambara?" Akakata kipande cha muhogo, akakitupa kwenye beseni. "Nyie mlimvua mtu mbele ya watu halafu mnashangaa hawakimbii."

Nilikaa nikamsaidia kumenya, nikakaa sana. Nilikuwa nimehesabu sababu zote za filamu ya tatu kuanguka: goti, mwanga, sauti, hadithi. Hiyo sikuifikiria, kwa sababu sote, nami nikiwemo, tulikuwa tunatazama ng'ambo. Kule kufunuliwa ni zawadi kwa mtazamaji. Huku mtazamaji hakuomba zawadi hiyo. Alikuwa tayari anajua, na utamu wake ulikuwa katika kuendelea kutojua.

Nilipanda kwenda Newala nikiwa nimepanga sentensi zangu vizuri. Nilimkuta Mjomba kwenye kibanda chake ameketi juu ya tairi kuukuu, mguu mbaya ameunyoosha mbele, anazamisha tyubu kwenye karai la maji.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekuja na uso wa msiba. Nani kafa?"

"Hakuna."

"Basi kaa, usisimame kama mgambo."

Nilikaa. Sentensi zote zikaniruka. "Mjomba, Masasi wanataka tuanze moja. Bwana Salfa mpya. Na mtu mwingine ndani."

Aliendelea kuzungusha tyubu majini. Vipovu vikatoka mahali fulani, akaweka kidole pale, hakukiondoa.

"Ana magoti?"

"Anayo."

"Anaruka?"

"Anaruka sana. Nilimrekodi, Mjomba. Sikukuambia kwanza. Lakini hatembei."

Hapo ndipo aliponitazama. Sikuweza kuyasoma macho yake. Alikausha tyubu kwa kitambaa, akaikwangua pale penye tundu, akapaka gundi, kazi ambayo mikono yake inaweza kuifanya yenyewe.

"Kunibadilisha si neno," alisema. "Kwenye ngoma tulikuwa tunabadilishana nyuma ya turubai. Mimi nikichoka anaingia mwingine, watu wanaona lipiko ni lilelile, asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyelia kwamba katolewa. Ila siku ile Kitangari..." Akapuliza gundi ikauke. "Mguu haukunitia aibu. Nilisimama pale nyuma nikaona uso wangu mkubwa ukutani, nikasema basi, kwisha. Nimekuwa mimi."

Nilimsogezea kiraka, akakibandika.

"Nikuulize kitu kimoja, mpwa wangu, wewe uliyesoma. Huyo kijana akianza kuruka, watoto wakiniita njiani, niitike au nisiitike?"

Alibana kiraka kwa kidole gumba, akisubiri. Nikakumbuka kile kidole kilichokatwa na jembe, na Bibi akikimbia kuliko wote.

"Itika," nikasema.

"Nitaitikaje, na mwingine ndiye anayeruka?"

"Nani atajua anayeruka ni nani?"

"Tangazo si litakuwa na uso wake?"

"Halitakuwa na uso wa mtu. Wala jina. La kwako wala la kwake. Tunaanza moja, lakini kinyago hakitoki tena."

Kisha bega lake likaanza kutikisika, nikaona anacheka, kicheko cha chini ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kitangari.

"Mama Mkubwa wako atajua."

"Atajua. Atakimbia."

"Mlete huyo kijana," alisema. "Na asije na ndoo. Kuruka anakujua yeye. Kichwa nitamwonyesha mimi."

Kabla sijatoka pale kibandani nilimpigia mwenye kibanda umiza. Nilipiga simu kabisa, si ujumbe wa sauti, na kwa anayenijua hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko filamu yenyewe. Nikamwambia tunaanza upya kama alivyotaka, na kijana aliyemtaka, ila filamu ya tatu iondolewe mtandaoni, na uso wa steringi hauonyeshwi popote, wala jina lake halitajwi.

"Wewe Mmakonde unaniua!" alipiga kelele mpaka Mjomba akasikia. "Kijana ana wafuasi, nimfunike kichwa? Ni kama kununua gari ulifukie!"

"Wafuasi wake watamjua tu."

"Watamjuaje?"

"Kwa miguu."

"Na kama kibanda kikiwa kitupu?"

"Basi kitakuwa kitupu, na sitakulaumu."

Alilalamika sana, akanitania kuhusu maji, akasema atakionyesha kipande cha kwanza mara moja tu na kama watu hawaji tusionane. Lakini filamu ya tatu aliiondoa jioni ileile. Nilifungua mtandao nikaitafuta, haikuwepo, na nilisikia wepesi kifuani kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya kupanda nayo kutoka bondeni.

Kijana wa Masasi aliuliza swali moja tu. "Dada, kwa hiyo mama yangu hatajua kama ni mimi?"

"Atajua. Atanyamaza."

Akasema sawa. Alipanda Newala akashinda kwa Mjomba siku kadhaa. Sijui walifanya nini. Nilipita mara moja na chakula, ugali wa muhogo na kisamvu, nikakuta mlango wa uani umefungwa na ndani kuna mtu anapiga debe taratibu kwa vidole. Niliacha sahani kizingitini, nikaondoka.

Tulirekodi Mkunya, kwenye mikorosho ya Mama Mkubwa, kabla msimu wa kupulizia haujaanza. Mjomba na kijana walifunga turubai kati ya miti miwili, wakaingia nyuma yake na kinyago. Mimi ndiye niliyekuwa na kamera. Mtu wa kamera anapaswa kujua nani anatoka, ili apange atasimama wapi na picha itakuwa pana kiasi gani. Nilikuwa na haki ya kuuliza, na nusu ya akili yangu ilikuwa tayari inauliza: ni tukio la kutembea, kwa hiyo ni Mjomba, lakini kijana amefundishwa, kwa hiyo huenda ni kijana, na kama ni kijana, je, Mjomba kaumia kukaa nyuma ya turubai?

Niliamua kutojua. Nikawapa mgongo.

Nilisikia kitambaa kikivutwa, mtu akikohoa, mtu akicheka kidogo. Kisha sauti ikasema, "Tayari," na hata hiyo sauti sikuitafutia mwenyewe.

Niligeuka. Bwana Salfa alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mkorosho, wa njano, amenyooka. Hakuna kilichosogea. Halafu kichwa kikageuka, peke yake, polepole, kuelekea tulipokuwa. Mama Mkubwa, aliyekuwa ameketi pembeni na muhogo wake, aliweka kisu chini vizuri, akajikusanya kanga, akakimbia.

Mabega yakafuata kichwa. Miguu ikaanza kupiga ardhi, na macho yangu, kwa tabia yangu mbaya ya kutaka uhakika wa kila kitu, yakaanza kushuka kuitafuta. Nikainua simu juu kidogo, hadi miguu ikabaki nje ya picha, nikabonyeza.